Baridi ya mwezi wa 11: Durban mpaka Cape Town kwa tanga

Jumapili, Durban

Bado tumefunga gatini tunasubiri hali ya hewa. Jua kali, watu wanapita na kaptula na malapa, ndo maana jana Mzee (nahodha wetu, mtu wa huku huku Afrika Kusini, kazeekea baharini) alipotuambia kila mtu amwage begi lake mezani aone nguo za baridi tulizonazo tulitazamana. Mwezi wa 11 huku kiangazi kinaanza, sasa baridi ya nini? Chombo chetu ni boti ya futi 40, mlingoti mmoja, tumeitoa Dar tukashuka na Msumbiji mpaka Richards Bay, na njia nzima hiyo nguo nzito kuliko zote ilikuwa kikoi cha kujifunikia alfajiri. Tuko wanne: Mzee, mama mwenye boti, mimi mtu wa Tanga, na kaka yangu mmoja Mpemba ambaye bahari kaianza mtoto kwenye ngalawa ya babake.

Mzee akapita begi moja moja. Jinzi, weka kando. Tisheti za pamba, weka kando. Sweta langu zuri la pamba nalo weka kando, akasema pamba ikishalowa inashika maji mwilini na haikauki, bora usivae kitu. Akatupa hela twende mjini tukatafute mitumba, na sharti moja tu, tusome lebo ndani ya shingo, iwe sufu au ile flisi nyepesi. Tumerudi na masweta ya sufu mawili mawili, mzula kila mtu, soksi nene, na glavu za mpira zile kubwa za kuoshea vyombo ambazo wavuvi wa huku wanavaa juu ya glavu za sufu. Mpemba kavaa mzula wake hapo hapo na jua lote lile, mama kacheka mpaka basi.

Tunachosubiri ni hiki. Pwani yetu sisi kusi na kaskazi kila mmoja una miezi yake, ukishatulia umetulia, hata maleleji katikati unajua yanakuja. Huku upepo unageuka kila baada ya siku chache. Unavuma kaskazini mashariki, barometa (kipimo cha mgandamizo wa hewa) inashuka, halafu ghafla kunakuja upepo wa kusini magharibi kutoka upande wa bahari ya barafu na kila kitu kinabadilika. Unatakiwa utoke mkia wa huo wa kusini unapokufa ili upate nafasi ya kutosha kabla mwingine haujaja.

Jumatatu, baharini

Tumetoka alfajiri. Mpaka saa 6 mchana upepo umegeuka ukaja tezini, tumefungua matanga yote na tumeingia kwenye mkondo wa Agulhas. Aisee huu mkondo! Boti inakata maji noti 6 (yaani maili 6 za baharini kwa saa) lakini GPS inasoma 10, maana bahari yenyewe inatembea na wewe kwenda kusini magharibi. Maji ni ya buluu nzito na ni ya moto kabisa, kipimajoto cha chini ya boti kinasoma nyuzi 24. Mkondo unakuwa na nguvu zaidi pale ukingoni ambapo sakafu ya bahari inaporomoka, kwenye kina cha mita 200, kwahiyo tunaufuata huo mstari kwenye ramani.

Kutoka hapa mpaka East London ni kama maili 250 na katikati hakuna bandari ya kukimbilia. Zamu ni saa tatu tatu. Nimelala deki na tisheti.

Jumanne, usiku

Naandika hii asubuhi yake lakini ni ya usiku ule.

Utabiri ulisema upepo wa kusini ungefika Jumatano mchana. Ila tangu saa 10 jioni barometa ilikuwa inateremka, 1014 mpaka 1003 ilipofika saa 2 usiku, na Mzee akaacha kuangalia simu akawa anaangalia barometa tu. Kaskazini mashariki ikazidi, tukapunguza tanga kubwa, tukaanza kusogea kuelekea nchi kavu ili tutoke kwenye mkondo, kwasababu upepo wa kusini ukigongana na mkondo unaokwenda kusini mawimbi yanasimama wima. Ramani zenyewe za huku zimeandikwa onyo kwamba mawimbi yanaweza kufika mita 20 na mbele yake kuna shimo.

Kwenye saa 4 upepo ukakatika kabisa. Tanga likawa linapiga piga hewa, boti inayumba, joto bado la kulowesha mgongo jasho. Upande wa kusini nyota zikaanza kupotea kwa chini kwenda juu, mstari mnyoofu kabisa mweusi. Mzee akasema tanga la mbele lishuke sasa hivi, Mpemba akajifunga kamba akaenda omoni, na tanga halijafika nusu upepo ukatupiga.

Hakuna namna ya kuielezea hiyo hewa kwa mtu aliyezoea joto letu. Imekuja yote kwa mara moja, pua ikauma kwa ndani, macho yakatoa machozi, ndani ya dakika chache kipimajoto cha deki kimetoka 23 kikaenda 13 na mvua ya ubavu juu. Na kumbuka bado maji ni ya moto, kwahiyo wimbi likikupiga usoni unaona kama unamwagiwa maji ya kuoga, raha, halafu upepo unaupita ule unyevu na hapo unahisi ngozi inachunwa. Nadhani hilo ndo linalodanganya watu, unasikia bahari ina joto unadhani uko salama, wakati kinachokupoza ni huo upepo juu ya nguo mbichi.

Mpemba alikaa omoni muda mrefu kulifunga lile tanga, chini ya koti la mvua ana tisheti tu maana zamu yake ilianza na joto. Aliporudi kwenye kokpiti (pale nyuma penye usukani) akakaa kimya. Mimi niko usukani nikawa namwona anatetemeka sana, meno yanagongana, nikamwambia kaka shuka ukabadili nguo, akasema subiri kidogo. Baadae nikaona katulia. Nikafurahi kidogo, nikadhani kapata joto. Nikamuuliza, unajisikiaje? Akasema kwa sauti nzito, maneno yanashikana shikana, "N'ache hapa hapa yakhe, mie sisikii baridi tena."

Mzee alikuwa anapanda ngazi akasikia. Hakujua Kiswahili lakini ile sauti aliielewa. Akaniambia mwambie afungue klipu ya ile kamba aliyojifunga ashuke. "Kaka, fungua klipu tushuke ndani." Akaitazama ile klipu kifuani, vidole vikapita juu yake, vikarudi, vikapita tena bila kushika. Huyu ni mtu anayefunga fundo lolote gizani huku anapiga stori. Anaitazama tu.

Nimejifunza usiku ule kwamba mtu akitetemeka bado mwili unapigana, akiacha kutetemeka na hajabadili nguo wala hajala, hapo ndo pa kukimbia. Mwili unatakiwa uwe kwenye nyuzi 37, ukishuka chini ya 35 akili inaanza kuondoka, ulimi unakuwa mzito, vidole havishiki, mtu anaanza kukataa msaada. Mwenyewe hajui.

Tulimshusha taratibu, mama kapasua ile tisheti kwa mkasi badala ya kumvua kichwani, tukamkausha kwa kumgandamiza taulo tu, tukamvisha sufu kavu na mzula, tukamlaza. Nilitaka kumsugua mikono, ndo tunavyofanya nyumbani mtoto akilowa, Mzee akanizuia, akasema damu ya mikononi sasa hivi ni ya baridi sana, ukiisukuma irudi moyoni kwa haraka unaweza kumuua. Joto liende kifuani kwanza. Tukajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, tukaivisha kila chupa soksi, mbili kwapani na nyingine kinenani, halafu mimi nikaingia naye kwenye begi la kulalia, kifua changu kwa mgongo wake. Mgongo wa mtu mzima, mzima wa afya, ubaridi wake ulinitisha sana. Mama alikuwa na chupa ya konyaki, Mzee akasema hapana, pombe inafungua mishipa ya ngozi, unahisi joto huku joto lenyewe linatoka. Alipoanza kumeza vizuri tukampa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi, kijiko kwa kijiko. Baada ya muda kaanza kutetemeka upya kwa nguvu, na Mzee kutoka juu akasema vizuri, mwache atetemeke.

Asubuhi kaamka kaomba ugali. Alhamdulillah.

Jumatano, East London

Tumeingia bandari ya mto Buffalo mchana, mvua ile ile. Mpemba kaongea na mkewe kwenye simu hajamwambia chochote, na mimi nimenyamaza.

Tatizo la leo ni maji ndani ya boti, na hayatoki baharini. Tuko wanne tunapumua, tunapika, nguo mbichi zinaning'inia kila mahali, na nje kuna baridi, kwahiyo ukuta na dari vinatoa majimaji yanadondoka kwenye magodoro. Unalala kwenye godoro la unyevunyevu unaamka umechoka kuliko ulivyolala. Dawa yake inashangaza, ni kufungua dirisha la juu hata kama kuna baridi hewa itoke, kufunika sufuria unapopika, na kuinua magodoro kila asubuhi.

Mama akataka tuwashe lile jiko lake dogo la mkaa la kuchomea nyama humu kabini tukaushe nguo. Hapo Mpemba ndo kaongea kwa mara ya kwanza leo kwa sauti kamili, kakataa kabisa. Akamweleza kwamba kwetu kila msimu wa baridi tunasikia familia zimelala na jiko la mkaa ndani milango imefungwa na hawakuamka, ile hewa haina harufu wala rangi. Mama kaliingiza jiko kwenye kabati la nje. Nguo tumezipeleka kwa dobi wa mashine mjini.

Alhamisi

Mvua. Tumelala, tumekula, tumeshona koti la Mpemba kwenye mshono uliokuwa unapitisha maji.

Ijumaa na Jumamosi, kuelekea Mossel Bay

Tumetoka na upepo wa mashariki mzuri, jua zuri, bahari nyuzi 21. Zamu sasa ni saa moja moja usiku badala ya tatu, na sheria mpya ya Mzee: hakuna kupanda deki hujala, na unavaa kabla hujasikia baridi. Ukisubiri usikie baridi ndo uvae umechelewa, mwili ukishapoa nguo inafunika ubaridi tu.

Jumamosi mchana tukiwa usawa wa milima ya Tsitsikamma kikatokea kitu sijawahi kukiona. Upepo ule ule wa mashariki, jua lile lile, lakini kipimajoto cha maji kimeanza kushuka, 19, 17, mpaka kikafika 14, na rangi ya bahari imetoka buluu ikawa kijani. Hewa juu yake ikapoa, ukungu mwembamba ukaanza kutambaa juu ya maji mchana kweupe. Nikadhani kipimajoto kimekufa, nikachota ndoo nikatia mkono, nikautoa haraka.

Mzee kanieleza. Upepo wa mashariki ukivuma kwa nguvu kando ya pwani hii, na dunia inavyozunguka, maji ya juu yanasukumwa kwenda mbali na nchi, halafu ya chini kabisa, ya gizani, yanapanda kujaza pengo. Ndo maana huku kiangazi chenyewe kinaleta maji ya baridi. Nikamwambia hata kwetu kipo, ukienda mbele ya Lamu ukapandisha pwani ya Somalia wakati wa kusi, kule juu karibu na Ras Hafun bahari inapoa chini ya nyuzi 20 wakati iko ukanda wa joto, na sababu ni hiyo hiyo, kusi linavuta maji ya juu yanakwenda zake. Mzee hiyo alikuwa haijui kwa upande wetu, kafurahi sana, kachukua ramani tukakaa tunaongea mpaka chai ikapoa.

Usiku wake ulikuwa mrefu. Hiki nilichovaa nakiandika kwa ukamilifu maana kilifanya kazi: flisi nyembamba ya kubana mwilini, sweta la sufu, sweta la pili la sufu lenye shingo ndefu, koti la mvua la wavuvi, suruali yake, soksi nyembamba, mfuko wa plastiki juu yake, soksi nene, halafu buti la mpira kubwa namba moja zaidi ya mguu wangu. Buti likibana damu haifiki vidoleni na hata uvae soksi ngapi haisaidii. Kichwa na shingo muhimu kuliko watu wanavyodhani. Na glavu zile za vyombo jamani, glavu za shilingi chache, zimeshinda glavu za bei mbaya za mama ambazo zililowa saa ya kwanza tu.

Chakula ni uji. Niliubeba unga wa ulezi kutoka nyumbani, naupika mzito na siagi ya karanga na sukari, tunautia kwenye chupa ya chai ili mtu wa zamu asihangaike na jiko linaloyumba. Mama alikuwa hataki hata harufu yake kule Msumbiji, sasa hivi anakuja na kikombe mwenyewe.

Jumapili, Mossel Bay

Tumeingia kupisha upepo mwingine wa kusini magharibi. Hapa ndo Bartolomeu Dias aliposhuka mwaka 1488, Mreno wa kwanza kuzunguka ncha hii, na Vasco da Gama akapita 1497 kabla hajafika kwetu Malindi mwaka uliofuata. Nimesimama pale nikafikiria wale watu na nguo zao za wakati ule kwenye bahari hii niliyoipita jana. Sili wamelala juu ya mawe wanapiga kelele usiku kucha.

Jumanne, Rasi Agulhas

Kuna mtu atakwambia ncha ya Afrika ni Rasi ya Tumaini Jema. Siyo. Ncha ya kusini kabisa ni hii, nyuzi 34 na dakika 50 kusini, na ndo mpaka rasmi wa Bahari ya Hindi na Atlantiki. Taa yake inawaka tangu 1849. Tumeiona kwenye saa 8 usiku, mimi na Mpemba tumeamshana wote wawili ingawa siyo zamu yetu.

Bahari ilikuwa ya mlima, mawimbi marefu ya polepole kutoka magharibi, upepo mdogo, nyota nyingi ajabu. Na baridi ya kimya, isiyo na upepo, inayoingia kupitia sakafu ya boti kwasababu maji ni nyuzi 15. Mpemba kaangalia nyuma kule tulikotoka, akasema hii bahari ya nyuma yetu ndo ile ile inayoingia Mkoani na Chake Chake kwao Pemba. Halafu kakaa kimya na mimi sikuongeza neno. Alfajiri kaja albatrosi, ndege mkubwa wa baharini, mabawa yake yakitandazwa ni marefu kuliko mtu, kazunguka boti mpaka jua limetoka bila kupiga bawa hata mara moja.

Vidole vyangu viwili vya mguu vimevimba vinawasha na vimekuwa vyekundu. Mzee kasema ni baridi na unyevu, nivikaushe, nisiviweke kwenye maji ya moto wala karibu na jiko, vitapona vyenyewe.

Jumatano, Cape Town

Hii ndo siku iliyonishangaza kuliko zote. Tumepita Cape Point asubuhi, mbingu safi, jua la kuunguza, na ule upepo wa kusini mashariki wanaouita Daktari wa Cape unavuma noti 30. Mlima Meza umefunikwa na wingu jeupe linamwagika upande wa mbele. Maji yamesoma nyuzi 11. Kumi na moja, na jua liko utosini! Ubavu uliotazama jua unaungua, ubavu wa kivulini unatetemeka, mtu mmoja huyo huyo. Kumbe upande huu wa Atlantiki bahari inakuwa ya baridi zaidi kiangazi kuliko kipupwe, maana huyu Daktari akivuma ndo anainua yale maji ya chini.

Mzee akatusisitiza hapa kuliko mahali popote kamba isifunguliwe. Mtu akianguka kwenye maji ya namna hii hafi kwa baridi kwanza, dakika ile ya kwanza anashtuka anavuta pumzi bila kutaka na akivuta maji ndo basi. Akiipita hiyo ana dakika kama kumi tu za mikono kufanya kazi, baada ya hapo hata ukimrushia kamba hawezi kuishika. Nilikumbuka vile vidole juu ya klipu. Upepo unaoporomoka kutoka mlimani ulitulaza ubavu mara kadhaa, tukashusha tanga kubwa lote tukaingia na kipande cha la mbele.

Tumefunga saa 9 mchana. Ufukweni watu wamejaa wanaota jua, ndani ya maji karibu hakuna mtu.

Alhamisi, Cape Town

Kazi ya leo ni kufua kwa maji baridi ya bomba kila kitu kilichoguswa na bahari. Nguo yenye chumvi haikauki hata uianike wiki, chumvi inavuta unyevu wa hewani, jioni unaikuta mbichi tena. Tumezisuuza mara mbili mbili, tumeanika kwenye kamba za pembeni, boti nzima masweta.

Mzee kafungua ramani ya safari inayofuata, kisiwa cha St Helena, kama maili 1,700, kasema siku za mwanzo tutakuwa juu ya mkondo wa Benguela na ukungu wake, masweta yasiingie chini ya begi. Mpemba kauliza zamu, kaandikiwa zamu, kaenda kununua suruali ya sufu.

Mchana nimepata ujumbe kutoka Pangani, kijana wa mtaani kwetu kaitiwa kazi kama hii hii, boti inatoka Richards Bay mwezi wa 7, kaambiwa abebe koti la mvua tu. Nimemtumia voisi ndefu. Nimemwambia mwezi wa 7 huku ni kipupwe chenyewe, aende mitumbani kesho asome lebo za shingoni, abebe ulezi, anunue buti kubwa, na kabla hajakubali awaulize usiku zamu ni saa ngapi na kama kila mtu ana begi lake la kulalia, wakimjibu vibaya asipande. Amenijibu "sawa bro ntafanya ivo". Nimempigia tena kwa sauti nikamrudishia lile la kutetemeka, mpaka aliponielezea mwenyewe kwa maneno yake mtu akiacha kutetemeka afanye nini.